Kicheko cha Mchora Picha wa Makomeno

Kuna watu wanaofikiri ya kuwa picha ya kuchekesha ni kitu cha watoto ao cha walevi, wala haistahili kutajwa katika gazeti la seminari. Wanasema: picha ya Bikira Maria, ndiyo, picha ya watakatifu, ndiyo, lakini picha ya mtu mwenye suruali iliyopasuka, faida yake nini? Sisi tunaona vingine. Kicheko ni mlango mmojawapo ambao ukweli hupitia kwa kuingia katika moyo uliokwisha kufunga milango mingine yote. Lakini katika mlango ule ule mwizi naye aweza kupita. Kwa hiyo yafaa kupima kicheko, kama vile tunavyopima mahubiri, na kuuliza: kimeingiza nini ndani ya nyumba?

Kwa kulipima jambo hili tulikwenda kutazama maonyesho madogo ya mchora picha mmoja wa njiani katika Makomeno, mtaa wa komini ya Lubumbashi. Tulikuwa wanne: padri mmoja, wafratri wawili, na katekista mzee ambaye watu wote wa parokia humwita Baba Mwalimu. Mchora picha mwenyewe hakutaka jina lake liandikwe katika gazeti, nasi tumeliheshimu neno lake.

Msifikiri, ndugu wasomaji, ya kuwa tulikuta nyumba kubwa yenye taa na walinzi. Ni ukuta wa matofali, kamba moja, vibanio vya nguo, na picha tisa. Picha zenyewe zimechorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, kilichopakwa kwanza rangi nyeupe ili kisinywe rangi nyingine. Kuingia ni bure, maana hakuna mlango. Watu wa makala wanasimamisha baiskeli zao, mama wanaotoka sokoni wanatua vikapu, watoto wa masomo wanajisukuma mbele. Wanacheka, wanabishana, wengine wanauliza bei, kisha wanakwenda zao.

Mbele ya kusema juu ya picha hizo, yafaa kukumbuka kwamba mji wetu una historia yake katika kazi hii. Mwaka 1946, mji ulipokuwa ungali unaitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha fasi ya kuchorea iliyojulikana kwa jina la Hangar. Huko walitoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Walichora samaki, ndege, swala na wawindaji, kwa ustadi ambao hata leo unawashangaza watu. Lakini wanunuzi wao walikuwa zaidi Wazungu. Mtu wa kawaida wa mji hakuzitundika picha hizo ukutani pake.

Nyuma yake, hasa katika miaka ya 1970, walitokea wachoraji wa namna nyingine, waliowachorea watu wa mji wenyewe. Walichora mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Walichora pia «Colonie belge», ambamo mfungwa anapigwa fimbo na mkubwa Mzungu anatazama. Watu walizinunua na kuzitundika katika chumba cha kupokelea wageni, nao waliziita ukumbusho. Mkubwa kati ya wachoraji hao katika Katanga alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea Bwana Johannes Fabian, mwalimu wa Universite, historia yote ya inchi yetu katika picha 101. Yeye alijiita mwana-historia, si mchora picha tu. Tangu mwaka 1981 hivi hajulikani alikokwenda. Picha zile 101 ziliingia katika jumba la makumbusho la Amsterdam.

Basi mtu wetu wa Makomeno ni wa ukoo huo. Lakini yeye hakuchagua historia ya wakubwa. Amechagua mambo ya kila siku, na amechagua kuchekesha.

Picha ya kwanza yaonyesha arusi. Bwana-arusi amevaa suti nzuri sana, anapigwa picha pamoja na bibi-arusi. Nyuma ya ukuta amekaa mtu mwingine mwenye kaptula ya ndani tu, anangoja. Mwenye suti ndiye huyo. Chini imeandikwa: «Usikawie». Watu wote walicheka, nasi tulicheka pamoja nao.

Picha ya pili ni ya polisi wa barabara na mtu wa makala. Mtu wa makala haonekani hata kidogo: gunia juu ya gunia, na chini yake miguu miwili inayosukuma baiskeli. Polisi ameinama, analiuliza gunia: «Karatasi zako!» Na nyuma ya polisi kuna mbuzi anayekula karatasi alizonyang'anya watu tangu asubuhi. Yeyote aliyeona watu wa makala wakiingia mjini alfajiri, wamekwisha kusukuma mzigo kilomita nyingi, anajua ya kuwa hakuna chumvi iliyozidi katika picha hii.

Picha ya tatu ilituletea mabishano. Ni ndani ya kanisa. Padri anahubiri, na kutoka kinywani mwake linatoka neno «Namaliza», mara tano, kila mara kwa herufi ndogo zaidi, mpaka linapotea chini ya paa. Saa ya ukutani ina utando wa buibui. Malaika wawili juu ya nguzo wanalala. Watu wanalala. Katika benchi ya kwanza yuko katekista, mgongo wake wima, macho wazi kabisa: ameyashika kwa vibanio vya nguo.

Mmoja wa wafratri alikasirika. Alisema: «Picha hii iondolewe. Watu wa inje watapita hapa, watacheka Eklezya, na mwisho watalidharau Neno la Mungu lenyewe.» Tusimcheke fratri huyo, maneno yake yana uzito. Mtu aliyejitoa kwa Mungu hapendi kuona altare inageuzwa kuwa mchezo. Lakini Baba Mwalimu, aliyekuwa amekwisha kucheka mbele ya wote, akamjibu kwa upole: «Fratri, mimi nimefundisha katekismu miaka mingi. Vibanio vile navijua.»

Tukaanza kuichunguza picha ile vizuri. Tuliona jambo ambalo kicheko cha kwanza kilitufanya tusilione. Kandokando, karibu na tabernakulo, kuna taa ndogo nyekundu. Mchoraji ameichora kwa uangalifu kupita vitu vingine vyote: moto wake unasimama wima, kioo chake kinang'aa, hakuna utando wala vumbi. Kila kitu katika kanisa lile kinalala, isipokuwa taa ile. Basi Sakramenti hachekwi. Anayechekwa ni mtu anayefikiri ya kuwa wingi wa maneno yake ndio wingi wa neema. Mwenye kuchora hivi si adui wa Eklezya. Ni mkristu aliyekaa katika benchi, siku ya Mungu, saa ndefu.

Tukamkumbuka nabii Natani. Mfalme Daudi alikuwa amefanya dhambi nzito, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia. Natani hakuingia na hukumu mkononi. Aliingia na picha. Alimchorea kwa maneno tajiri mwenye kondoo wengi, na maskini mwenye kondoo mmoja, na tajiri akamnyang'anya maskini yule kondoo wake. Daudi akaitazama picha, akakasirika, akamhukumu tajiri. Ndipo akajulishwa ya kuwa tajiri huyo ni yeye mwenyewe. Nguvu ya picha ni hiyo: inakufanya uhukumu kwanza, kisha ujitambue. Picha ya kuchekesha ni vivyo hivyo, ila pahali pa hasira huweka kicheko. Unacheka mbele ya kujua unamcheka nani.

Wenye kuogopa ya kuwa wakubwa wa Eklezya hawapaswi kuchorwa hivi, tuwakumbushe jambo la Roma. Michelangelo alipochora Hukumu ya Mwisho katika kanisa la Siksto, katika miaka ya 1536 mpaka 1541, Biagio da Cesena, msimamizi wa ibada za Papa, alilalamika juu ya miili isiyo na nguo. Mchoraji akamweka motoni, kwa sura ya Minos, na masikio ya punda. Inasimuliwa ya kuwa Biagio alimwendea Papa Paulo III kushitaki, naye Papa akamjibu kwa mzaha kwamba angewekwa purgatori angeweza kumsaidia, lakini katika moto wa milele hana mamlaka. Sura ile iko mpaka leo katika kanisa la Papa mwenyewe. Walakini sisi tunampa Natani sifa zaidi kuliko Michelangelo katika jambo hili. Kicheko cha Michelangelo kilikuwa na kisasi ndani yake: alimchora mtu mmoja, kwa sababu mtu huyo alimuudhi. Mchoraji wa Makomeno hakumchora padri fulani. Padri wake hana sura ya mtu tunayemjua; ana kinywa tu. Ndiyo maana kila padri aweza kuvaa kinywa kile.

Lakini tusiseme sasa ya kuwa kila kicheko ni chema. Mtakatifu Thomas wa Aquino ametuachia kipimo katika Summa, pale anaposema juu ya mchezo na mapumziko ya roho. Anafundisha kwamba kuna fadhila ya kufurahi kwa kiasi, na kwamba mtu asiyetaka kamwe kufurahi, akiwaharibia wengine furaha yao, naye ana kosa. Halafu anaweka masharti matatu: furaha isitafutwe katika maneno ao matendo machafu ao yenye kuumiza, roho isipoteze kabisa uzito wake, na mchezo ufae mtu, wakati na fasi. Tukatwaa kipimo hicho, tukazipitia picha zote tisa. Nane zilipita, ingawa mbili kati yake zilipita kwa shida. Moja ilianguka.

Iliyoanguka ni picha ya kilema anayeomba sadaka. Miguu yake imechorwa kama kamba zilizofungwa fundo, na watoto wanaruka juu yake. Imeandikwa chini maneno ambayo hatuyarudii hapa. Watu walicheka, ndiyo. Lakini sikilizeni kicheko chenyewe. Mbele ya picha ya polisi watu walicheka wakitazamana, kila mmoja akitaka kusimulia lililompata. Mbele ya picha ya kilema walicheka bila kutazamana, kisha wakaondoka upesi. Polisi ana firimbi na uwezo, na padri ana mimbari. Ukiwacheka hawaanguki, labda watajirekebisha. Kilema ana nini? Ukimnyang'anya heshima umemnyang'anya kila kitu. Yule tajiri wa Natani alifanya hivyo hivyo kwa kondoo wa maskini. Tulimwambia mchoraji maneno haya, kama ndugu kwa ndugu. Alinyamaza, akaitazama picha yake muda mrefu. Hakutujibu, wala hatukumlazimisha.

Kuna picha nyingine iliyoonyesha ya kuwa mtu huyu ajua njia iliyo bora. Amejichora yeye mwenyewe. Upande wa kushoto anatembea na picha kwapani, mbwa wa nyumba kubwa anamfukuza, na bwana wa nyumba anacheka dirishani. Upande wa kulia amefika kwake: mke wake ameshika sufuria tupu, watoto wamekaa kuzunguka sahani, na katika sahani mchoraji anachora bukari na sombe kwa burashi. Bukari inatoa moshi. Mtoto mdogo amekwisha kunyosha mkono. Hapa tulicheka, na koo ikatukaza.

Njia hii ya kujitia mwenyewe ndani ya picha si yake peke yake. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956 huko Kinto M'Vuila na kufika Kinshasa mwaka 1972, alianza kwa kuchora mabango ya maduka, na mwaka 1975 akafungua fasi yake mwenyewe ya kazi. Yeye aliona ya kuwa watu hutupia picha jicho na kupita. Basi akaanza kuandika maneno mengi ndani ya picha, ili mpita njia alazimike kusimama na kusoma. Na mara nyingi sura iliyo katikati ni yake mwenyewe. Mwaka 1978 picha za wachoraji wa namna hiyo zilionyeshwa Kinshasa katika maonyesho yaliyoitwa Art partout, na mwaka 1989 Samba alionyesha kazi zake Paris. Mwenzake Pierre Bodo, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa mchora picha na pia mchungaji wa kanisa la Kipentekoste. Hakuona ya kuwa kazi hizo mbili zinapigana. Kwetu hili ni fundisho. Mhubiri anayesema «ninyi wenye dhambi» hasikilizwi kama yule anayesema «sisi wenye dhambi». Mchoraji anayejichora na sufuria tupu amepata ruhusa ya kumchora padri na neno lake «Namaliza».

Tuseme pia juu ya ufundi, maana gazeti lisilosema kasoro halimsaidii mtu. Mikono ya watu wake ni mibaya: vidole vinafanana na ndizi. Nyuso za wanawake ni uso mmoja uliorudiwa. Maneno ya Kifaransa aliyoandika yana makosa, na yale ya Kiswahili ni mazuri zaidi. Afadhali aandike Kiswahili tu. Lakini ajua kupanga. Macho yako huingia fasi anayotaka yaingie, hutembea njia aliyoikata, na kufikia mwisho kile alichokificha: mwenye suti nyuma ya ukuta, taa karibu na tabernakulo, mkono wa mtoto mdogo. Ajua kwamba mzaha mzuri hauanzi na mwisho wake. Wahubiri wengi hawajui hilo.

Tumeiacha nyuma picha moja, kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote. Ni picha ya kilio. Nyumba imejaa watu. Upande mmoja sufuria za bukari, viti vya kukodi, mashemeji wanaolia kwa vinywa vikubwa sana, machozi yao yamechorwa kama mabomba ya maji. Lakini tazama mikono yao. Mmoja analia huku anapima mlango kwa kamba. Wa pili analia huku amekalia friji. Wa tatu analia kifuani pa mjane, na mkono wake umo katika kitambaa cha mjane, unatafuta. Chini imeandikwa: «Sisi tunalia, lakini funguo iko wapi?» Mjane peke yake halii. Amekaa chini juu ya mkeka na watoto wawili, anatutazama sisi.

Watu wanacheka kwa sababu ya machozi yale ya mabomba. Kisha wanayafikia macho ya mjane, na kicheko kinakatika. Tulimwona mwanaume mmoja akicheka sana, kisha akanyamaza, kisha akaondoka pasipo kuuliza bei. Hatujui alikuwa shemeji wa nani.

Jambo hili latuhusu. Sheria ya Jamaa ya inchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba ya ndoa, na kuwaweka watoto mbele ya warithi wengine. Sheria imeandikwa; lakini ni wangapi katika parokia zetu waliopata kuisikia? Tunahubiri juu ya ndoa, twafundisha wachumba, twabariki maiti, twaongoza kilio kwa rozari. Na wakati tunaposema Salamu Maria ya mwisho, mlango umekwisha kupimwa. Mara nyingi wanaopima ni wakristu, wana kadi ya ubatizo na medali shingoni. Mahubiri juu ya jambo hili huwaudhi watu, nao hukunja mikono. Mbele ya picha ya mchoraji huyu hawakupata nafasi ya kukunja mikono, maana walikuwa wanacheka.

Basi, ndugu wasomaji, neno letu ni hili. Msifukuze wachora picha wa njiani kutoka kuta za parokia. Wakiwadharau wanyonge, waambieni kweli, uso kwa uso, kama Evanjili inavyotaka juu ya ndugu aliyekosa. Wakiwacheka wenye nguvu, nasi tukiwa kati ya hao, tuzitazame picha zao mara mbili mbele ya kukasirika. Labda kuna taa fulani ambayo hatujaiona. Na zile zilizo njema, tuzinunue. Wazungu walikwisha kununua historia yetu katika picha 101, tena walifanya vizuri kuitunza; lakini mtoto wa Lubumbashi anayetaka kuiona yapasa apande ndege.

Tulipoondoka, picha ya arusi ilikuwa imekwisha kupata mnunuzi, na ya polisi pia. Picha ya mjane haikupata. Watu waliisifu, lakini hakuna aliyetaka macho yale chumbani pake. Tunafikiri ya kuwa fasi yake ni katika chumba ambamo makatekista wanawafundisha wachumba, juu ya ukuta ulio mbele yao, na nakala ya ile sheria ya mwaka 1987 iwe imewekwa juu ya meza chini yake.